Mashine Ndogo za Mvuke na Watu Wanaozitunza

Msomaji aliyepata kuingia katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, hapana shaka ameiona injini kubwa ya gari la moshi namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Injini hiyo ni moja katika 34 za aina yake zilizojengwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, nazo zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Uzito wake ni zaidi ya tani 250. Ilipokuwa kazini, mvuke ndani ya boila yake ulikuwa na nguvu ya ratili 225 kwa kila inchi mraba. Mtu akisimama kando ya magurudumu yake hujiona mdogo kabisa.

Basi sasa na afikiri mashine iliyo na moto, maji, mvuke, pistoni na gurudumu kama ile, lakini ambayo yaweza kuwekwa juu ya meza ya chakula, na mtu akaibeba kwa mkono mmoja. Mashine za namna hiyo zipo. Katika Uingereza, Ujerumani na Marekani wako watu wengi, wengine wazee waliokwisha kustaafu, ambao huzinunua, huzitengeneza, huzisafisha, na jioni ya Jumamosi huzitia moto ili wazione zikizunguka. Jirani zao huwacheka kidogo, wakisema hiyo ni michezo ya watoto. Lakini mchezo huu unazo sheria zake, nazo ni zile zile zilizomfunga dereva wa Mount Gelai na mtunza moto wake. Mwenye kuzivunja huungua, ijapokuwa boila yake ni ndogo kama kopo la maziwa.

JINSI MVUKE UNAVYOSUKUMA

Kila mtu aliyepata kuchemsha maji ameona kifuniko cha sufuria kikirukaruka. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke huo huhitaji nafasi kubwa sana: kikombe kimoja cha maji hutoa mvuke wa kujaza vikombe 1,600 na zaidi. Ukifungiwa katika chombo cha shaba, husukuma kila upande ukitafuta njia. Chombo hicho ndicho boila. Bomba jembamba hutoka kwenye boila mpaka kwenye silinda, yaani mwanzi mfupi wa chuma au shaba ambao ndani yake mna pistoni, na pistoni imefungwa kwa fito kwenye gurudumu zito. Mvuke husukuma pistoni, pistoni husukuma fito, fito huzungusha gurudumu. Uzito wa gurudumu ndio unaoirudisha pistoni mahali pake, na mvuke uliokwisha kazi hutoka nje kwa sauti kama ya mtu anayepuliza moto.

Katika mashine kubwa ipo valvu inayofungua na kufunga njia ya mvuke. Katika nyingi za mashine ndogo mafundi walitumia hila rahisi zaidi, nayo yapendeza kuitazama. Silinda yenyewe haikukazwa. Imeshikwa na springi, nayo huyumba huku na huku ikifuata fito, kama kichwa cha mtu anayekataa neno. Ikiyumba upande mmoja, tundu lake hukutana na tundu la kuingizia mvuke; ikiyumba upande wa pili, hukutana na tundu la kutolea. Hapana chombo kingine. Kwa hiyo mashine ya namna hii yaweza kuuzwa kwa bei isiyo kubwa, na mtoto akaifahamu yote kwa kuitazama tu.

MASHINE NDOGO ILIYOMSUMBUA JAMES WATT

Wako wasemao ya kuwa mashine ndogo haina la kumfundisha mtu mzima. Historia yawakanusha. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 kuingia mwaka 1764, fundi mmoja wa vyombo vya kupimia, jina lake James Watt, alipewa kazi na Chuo Kikuu cha Glasgow katika nchi ya Scotland. Chuo kilikuwa na mfano mdogo wa mashine ya Thomas Newcomen, ile iliyotumika tangu mwaka 1712 kuvuta maji katika mashimo ya makaa ya mawe. Silinda ya mfano huo ilikuwa na upana wa inchi 2 tu. Watt aliutengeneza, akautia moto, nao ukapiga mapigo machache, kisha ukasimama. Boila ilionekana kuwa ya kutosha, wala hapakuwa na kitu kilichovunjika.

Fundi mwingine angaliurudisha na kudai ujira wake. Watt alitaka kujua sababu. Katika mashine ya Newcomen mvuke uliingizwa katika silinda, kisha maji baridi yakanyunyizwa humo ili mvuke urudi kuwa maji. Nafasi ikabaki tupu, na hewa ya nje ikaishindilia pistoni chini. Basi kwa kila pigo silinda ilipozwa, na kwa kila pigo mvuke mwingi ulipotea bure kwa kuipasha moto tena. Hasara hiyo ilikuwamo katika mashine kubwa pia, lakini makaa yalikuwa tele mlangoni pa shimo, wala watu hawakuiona sana. Katika mashine ndogo hasara ilikuwa kubwa hata ikaizima.

Mambo haya ni ya hesabu. Mtu akipunguza kila kipimo cha chombo mpaka kiwe sehemu moja katika kumi, eneo la nje hupungua mara 100, lakini nafasi ya ndani hupungua mara 1,000. Maana yake, chombo kidogo kina ngozi kubwa mno kwa tumbo lake. Kikombe cha uji hupoa upesi, na sufuria ya uji ule ule ingali moto, kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1765 Watt alipata wazo la kuupoza mvuke katika chombo cha pembeni, ili silinda ibaki moto siku zote. Alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1769, na tangu hapo mashine za mvuke zikaweza kufanya kazi ile ile kwa makaa machache zaidi. Ule mfano mdogo umehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Hunterian huko Glasgow.

Mwenye mashine ndogo ya leo hukutana na hesabu hiyo kila anapowasha moto. Katika dakika za kwanza mashine hutema maji badala ya kuzunguka, kwa kuwa silinda ni baridi na mvuke hugeuka maji humo. Asiyejua hudhani imeharibika, akaanza kuifungua parafujo zake. Ajuaye hulizungusha gurudumu kwa kidole mara kadhaa, maji yakatoka, silinda ikapata moto, na mara mashine huenda yenyewe. Ukifungua dirisha siku ya upepo, nguvu yake hupungua mbele ya macho yako.

WALIOZITENGENEZA

Kabla ya Vita Kuu ya mwaka 1914 mashine nyingi za mvuke za kuchezea zilitoka Ujerumani, hasa katika viwanda vya Bing wa Nürnberg na Märklin wa Göppingen. Kazi yao ilikuwa nzuri ajabu, yenye rangi zilizochorwa kwa makini na shaba iliyong'arishwa, na leo mashine kamili ya Bing ni mali ya kuwekwa kabatini. Kiwanda cha Bing hakikudumu. Kilianguka katika miaka ya taabu ya biashara iliyofuata mwaka 1930.

Huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1937 Geoffrey Malins alianza kutengeneza mashine alizoziita Mamod, jina lililounganishwa kutokana na jina lake na neno la Kiingereza la mifano midogo. Hizo ndizo watoto wengi wa Uingereza walizopewa siku ya Krismasi. Zilikuwa sahili na imara. Mwaka 1963 ilitokea trekta yao ya mvuke, yenye magurudumu makubwa nyuma na dohani mbele, ambayo hutembea sakafuni kwa nguvu yake yenyewe. Nadhani hakuna mashine ndogo iliyochoma mazulia mengi kuliko hiyo. Ujerumani, mjini Lüdenscheid, kampuni ya Wilesco iliyoanzishwa mwaka 1912 ilitoa mashine yake ya kwanza ya mvuke mwaka 1950.

MOTO UFE KWANZA, MAJI YABAKI

Hapa twafika kwenye jambo kubwa. Boila ya shaba yenye maji ndani yake haiwezi kupata joto kupita kiasi, hata moto ukiwa mkali namna gani, kwa sababu maji hulichukua joto na kuondoka nalo kwa njia ya mvuke. Katika mashine ndogo yenye nguvu ya ratili 15 kwa inchi mraba, maji yana joto la digrii 120 hivi za sentigredi. Lakini maji yakiisha na moto ungali unawaka, hakuna tena wa kulichukua joto. Boila nyingi za zamani zimefungwa kwa lehemu laini ya risasi na bati, ambayo huanza kuyeyuka kwenye digrii 183. Kati ya 120 na 183 si mbali. Dakika moja ya usahaulifu yatosha, na viungo vya boila vikaachana. Boila zilizofungwa kwa lehemu ya fedha hustahimili zaidi, kwani lehemu hiyo huhitaji zaidi ya digrii 600, lakini hata shaba yenyewe hulegea na kupoteza ugumu wake ikichomwa kavu.

Watengenezaji wenye busara waliijua hatari hii, nao wakaikinga kwa njia ambayo wanunuzi wengi hawaitambui. Kile kisahani cha moto kilipimwa. Spiriti au kidonge kinachoenea humo huzimika kabla maji ya boila iliyojazwa vema hayajaisha. Kwa hiyo mtu asiyeongeza kitu hawezi kukosea. Taabu huja mashine inapozunguka kwa raha, wageni wanatazama, moto ukaanza kufifia, na mwenyewe kwa kutaka kuwafurahisha akatia moto wa pili juu ya maji ya kwanza. Hivyo ndivyo boila nyingi zilivyoharibika. Kanuni ni moja tu: asitie moto mpya bila kutia maji mapya. Na kabla ya kufungua kizibo cha maji, moto uwe umezimwa na mvuke wote umetoka, kwa maana maji yaliyo juu ya digrii 100 yakifunguliwa ghafula huruka usoni.

Kila boila pia huwa na valvu ya usalama, ambayo ni kizibo kidogo kilichoshikwa na springi. Mvuke ukizidi kiasi hukiinua kizibo na kutoka. Valvu iliyokaa kabatini miaka ishirini huweza kushikamana kwa kutu na uchafu, na hapo yawa pambo tu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha moto yapasa kuivuta kwa vidole ili kuona kama springi yaenda na kurudi. Mtu akiona valvu inapuliza mvuke na akaikaza ili mashine ipate nguvu zaidi, huyo hafai kuachiwa kiberiti.

Juu ya moto wenyewe yapo maneno. Spiriti huwaka kwa mwali ambao mchana hauonekani vizuri. Mtu huweza kumwaga nyingine juu ya kisahani akidhani moto umezimika, na mwali ukapanda mpaka kwenye chupa mkononi mwake. Kwa sababu hiyo viwanda vilianza kutumia vidonge vikavu. Vingi vya vidonge hivyo vilifanywa kwa heksamini, na dunia imebadilika kwa namna ambayo wacheza mashine hawakuitarajia: heksamini huweza kutumiwa na waovu katika kutengeneza baruti, na kuanzia Oktoba 2023 sheria ya Uingereza hairuhusu mtu wa kawaida kuinunua bila leseni. Wengi wamerudia spiriti, au hutumia spiriti iliyogandishwa kama uji mzito, au gesi. Tahadhari za zamani za spiriti zimekuwa na kazi tena.

Kuhusu maji, ya mvua ni bora. Maji ya bomba katika miji mingi yana chokaa, ile ile inayoganda ndani ya birika, na katika boila ndogo huziba bomba la mvuke upesi. Mafuta nayo yawe mazito ya mvuke. Mafuta ya motakaa yakichanganyika na maji hugeuka utelezi mweupe kama mtindi, yakaziba matundu.

KUNUNUA ILIYOTUMIKA

Wakusanyaji wengi hupata mashine zao katika minada na masoko ya vitu vikuukuu. Muuzaji huwa ameing'arisha, na mnunuzi hutazama juu. Atazame chini. Tumbo la boila likiwa na rangi ya bluu au nyeusi isiyofutika, au rangi ya sanduku la moto imebabuka yote, yaelekea ilichomwa kavu. Mabonge ya lehemu kwenye viungo ni alama ya fundi wa nyumbani aliyekwisha kuiziba mara moja, na itavuja tena. Kisahani cha moto cha asili kikikosekana, bei ishuke sana, kwa maana kisahani kingine chaweza kubeba moto mwingi kuliko maji.

Boila yenye shaka hujaribiwa kwa maji baridi. Hujazwa kabisa pasipo hewa, kisha pampu ya mkono ikasukuma maji zaidi mpaka nguvu ifike mara mbili ya ile ya kazi. Katika majaribio ya baadaye, mara moja na nusu yatosha. Watu hushangaa kwa nini jaribio hili si la hatari. Ni kwa sababu maji hayatanuki kama mvuke. Boila ikipasuka, tone moja au mawili hutoka, nguvu ikaisha hapo hapo, na fundi akafuta meza. Ikipasuka kwa mvuke, maji yote ya moto yaliyomo hugeuka mvuke kwa pamoja. Vyama vya Uingereza hudai cheti cha jaribio kwa boila kubwa zinazowashwa mbele ya watu.

Yako mabishano kati ya wakusanyaji ambayo hayataisha. Je, mashine iliyochubuka rangi ipakwe upya? Wengine hupaka mpaka ikang'aa kama ilivyotoka dukani. Mimi naona rangi ya kiwandani, hata ikiwa nusu, ni bora kuliko rangi mpya kamili, kwani ikishaondolewa haipatikani tena. Sanduku la kadibodi na karatasi ya maelezo navyo visitupwe. Kwa mkusanyaji huenda sanduku likaongeza bei kuliko gurudumu.

WANAOJITENGENEZEA

Juu ya wanunuzi wako mafundi. Mwaka 1898 Percival Marshall alianzisha London gazeti la Model Engineer, na kwa miaka mingi limewafundisha watu wa kazi za kawaida, makarani na waalimu, kuchonga chuma katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Kampuni ya Stuart Turner ilipata umaarufu kwa kuuza vipande vya chuma vya kusubu ambavyo bado havijachongwa. Mnunuzi wa mashine iitwayo 10V hupokea sanduku la vyuma vikwaruzo, na picha za vipimo. Silinda ni ya upana wa robo tatu ya inchi. Yeye mwenyewe ndiye wa kukereza, kutoboa na kupiga tupa, na akikosea kipimo kwa unene wa karatasi, mvuke utapita kando ya pistoni na mashine haitakwenda. Wengine hufanya kazi hiyo kwa miezi, wengine kwa miaka. Walioendelea zaidi hujenga injini za gari la moshi za reli ya upana wa inchi 5 au inchi 7 na robo, ambazo huvuta watu wazima walioketi juu ya mabehewa madogo, magoti yakiwa karibu na masikio.

Mashine ikisha kuzimwa, kazi haijaisha. Mwenyewe husubiri ipoe mpaka aweze kuishika, akamwaga maji yote ingali vuguvugu ili ndani ikauke, akafuta mafuta na maji kwenye silinda, akatia tone moja la mafuta safi na kulizungusha gurudumu mara mbili tatu. Kizibo huachwa wazi usiku kucha. Spiriti iliyobaki hurudishwa katika debe lake, na debe hufungiwa mahali ambapo watoto hawafiki.